Rangi Aliyokuwa Nayo

Cheche alifika studio akiwa amenuna tayari, maana mlinzi wa getini alikuwa amemhoji utadhani amekwenda kuposa: anakwenda kwa nani, ana miadi, mfukoni kuna nini.

"Kuna uzee," Cheche alimjibu. "Pekua. Ukiukuta mwingi, chukua kidogo."

Alikuwa hivyo tangu afiwe na mkewe. Zamani alikuwa mtu wa mzaha, watu wakimwona wanacheka kabla hajafungua kinywa; sasa mzaha wake ulikuwa na miba. Jina la Cheche alipewa na mafundi wenzake enzi za ujana, kwa sababu ya mashine ya kuchomelea vyuma ambayo haikuwa ikitoka mkononi mwake, lakini majirani wapya walidhani ni kwa ajili ya ulimi, na yeye hakujisumbua kuwaeleza.

Aliyemwita alikuwa Kinyonga, binti wa shemeji yake, mtoto wa mdogo wa marehemu. Naye jina lake alilipata kwa kazi. Alikuwa akishinda mbele ya monita kupanga rangi za filamu: anapunguza wekundu hapa, anaongeza mwanga pale, mpaka picha zilizopigwa siku mbalimbali zionekane kama zimepigwa siku moja. Cheche hakuwahi kuiheshimu kazi hiyo. "Mtu mzima anaamka asubuhi kwenda kuchezea rangi," alikuwa akisema kwenye vikao vya familia, "halafu tunauliza kwa nini madaraja yanaanguka."

Lakini jana yake Kinyonga alikuwa amempigia simu.

"Baba Mkubwa, umekaa?"

"Nimekaa. Amekufa nani?"

"Hajafa mtu. Nimemwona Mama Mkubwa."

Kinyonga hakungoja jibu. Akaeleza haraka haraka. Kile kiwanda cha nguo alichofanyia kazi Mama Mkubwa kilikuwa kinataka filamu ya kujisifu, kilivyoanza na kilivyokua, na kimeleta kanda zake zote za zamani. Katika kanda moja kuna mgeni rasmi anatembezwa kiwandani, na nyuma yake, kwa muda mfupi tu, anapita mwanamke amebeba kapu la nyuzi. "Ni yeye, Baba Mkubwa. Anatembea. Anacheka."

Usiku ule Cheche hakuwa mtu wa kuongea naye. Kwake nyumbani alikuwa na picha mbili tu za mkewe. Moja ilikuwa ya kitambulisho cha kazi, ndogo kama stempu, isiyo na rangi. Nyingine walipiga pamoja, lakini unyevu wa nyumba ya kupanga uliila mpaka nyuso zikabaki kama za watu waliosimama ndani ya moshi. Kuna jambo alikuwa hajamwambia mtu. Alikuwa anamsahau. Sauti alikuwa nayo bado, mwendo alikuwa nao, lakini akifumba macho kumtafuta uso, uliokuja ulikuwa ule wa kitambulisho, wa kijivu, umekaza midomo kwa kumwogopa mpiga picha wa ofisi. Alitaka kumwona mara moja tu katika rangi yake. Kwa hiyo asubuhi alioga, akanyoa ndevu, akavaa shati lake la rangi ya chungwa ambalo marehemu alilipenda, akaenda.

Chumba cha Kinyonga kilimkatisha tamaa. Kuta za kijivu, mapazia mazito meusi, taa moja hafifu iliyofichwa nyuma ya monita.

"Mmepaka rangi ya jivu chumba kizima. Mna msiba?"

"Ukuta ukiwa na rangi, jicho linadanganyika. Halafu Baba Mkubwa, samahani, hilo shati."

"Shati limefanya nini?"

"Linawaka. Nikikaa karibu na wewe skrini yote nitaiona ina uchungwa. Vaa hili koti juu." Akampa koti jeusi lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango kwa ajili ya wageni wa namna yake.

Cheche alilivaa kama mtu anayevalishwa pingu. Shati alilokuja nalo kumwona mkewe likafunikwa mpaka kidevuni. "Haya, niwekee."

"Bado. Monita lazima ipate joto kwanza, halafu niipime. Jana ilikuwa imeanza kuvuta kwenye wekundu. Sitaki umwone Mama Mkubwa mwekundu kama mtu aliyetoka kukimbizwa."

Akachukua kidude cheusi, bapa, chenye waya, akakitundika juu ya monita ili tumbo lake lilale katikati ya kioo. Kikakaa pale kama chura aliyenata ukutani. Kisha kioo kikaanza kubadilika chenyewe: nyekundu tupu, kijani tupu, bluu tupu, halafu ngazi ndefu ya kijivu kutoka weusi mpaka weupe.

"Hicho kinafanya nini?"

"Kinapima rangi. Kompyuta inaiamuru monita, toa nyekundu. Hiki kinaangalia imetoa nyekundu gani. Ikidanganya, tunajua imedanganya kwa kiasi gani, tunairudisha kwenye mstari. Monita nayo inazeeka, Baba Mkubwa. Inatoka kwenye mstari kidogo kidogo, na ukiizoea hutajua kamwe."

"Hicho ndicho wangebandikwa wakubwa," Cheche alisema. "Usoni. Kila asubuhi kabla hawajaingia ofisini."

Kinyonga alicheka mpaka akashika meza. Kwa kitambo akamwona Baba Mkubwa wa zamani, yule aliyekuwa akimrusha juu hewani na kumdaka.

Kidude kilipomaliza alikitoa, akaifuta skrini kwa kitambaa laini, akakaa sawa. "Tayari. Hii sasa haina uongo. Angalia upande wa kushoto, nyuma ya huyo bwana mnene."

Picha ikaanza. Bwana mnene mwenye suti alikuwa ananyoosha kidole kwenye mitambo kama yeye ndiye aliyeifunga. Meneja alikuwa ubavuni mwake, anakubali kwa kichwa hata pasipo na cha kukubali. Na nyuma yao, mlangoni mwa chumba cha kutia rangi nyuzi, akatokea mwanamke. Aliegemeza kapu nyongani. Aligeuza uso kumwangalia mtu ambaye hakuonekana, akacheka, akarekebisha kilemba kwa mkono mmoja, akapiga hatua, akapotelea nyuma ya mgongo wa mgeni rasmi.

Cheche aliujua mwendo ule kabla hajauona uso. Moyo ulimruka. Kisha ukarudi chini taratibu, kama mtu aliyekosea nyumba.

"Rudisha," alisema. Kinyonga akarudisha. "Tena." Akarudisha tena.

"Siye."

"Ni yeye, Baba Mkubwa."

"Sura ni yake. Lakini mmemfanya nini? Mmemkaanga. Ana manjano kama mtu mgonjwa wa ini. Na kilemba je? Kile kilemba nilimnunulia mimi, cha zambarau, zambarau ya kukutoa machozi. Hiki ni cha kahawia."

Kinyonga alikitazama kilemba. Kwake kilikuwa zambarau, tena ya kukolea. Alitazama ngozi ya Mama Mkubwa; ilikuwa nyeusi, laini, yenye uhai. Alitaka kusema kitu, akakiacha. "Labda kanda," alisema. "Ngoja nipunguze manjano."

Akaanza kuvuta vishikizo vyake vya rangi. "Hivi?"

"Bado."

"Hivi?"

"Ongeza. Anaanza kuja. Ongeza tena, usiogope, huyu si mtu wa kuogopwa. Ongeza... Hapo!"

Cheche alikuwa amesimama bila kujijua. Mbele yake mkewe alikuwa amerudi. Kilemba kilikuwa kilemba. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye kioo, halafu akaurudisha, akaushika kwa mkono mwingine kama wa mtoto mtundu. "Hapo," alisema tena. "Usiguse kitu."

Kinyonga hakugusa kitu. Alikuwa anamtazama mwanamke wa bluu, wa bluu kabisa, midomo, meno na macho, kama aliyekaa chini ya maji siku nyingi. Aliona afadhali kunyamaza. Ingekuwa kwa mapenzi yake, angenyamaza mpaka mzee aondoke akiwa na furaha yake.

Lakini mlango ukafunguliwa bila hodi, akaingia mkurugenzi wa studio, simu sikioni, na macho yake yakaangukia skrini.

"Mungu wangu! Nani kamzamisha huyu mama ziwani?"

Akasogea karibu na skrini.

"Kinyonga, mbona wa bluu hivi? Rudisha, kabla mteja hajaingia. Halafu wamesema mgeni rasmi hajitokezi vizuri. Hao wa nyuma wazime kidogo, wawe gizani, yeye ndiye aonekane." Ndipo akamwona Cheche. "Shikamoo mzee. Karibu sana," akasema, akatoka na simu yake.

Cheche hakuitika. Alisubiri mlango ufungwe.

"Wawazime," alisema. "Hata walioko kaburini nao wanazimiwa taa."

"Baba Mkubwa, mteja ndiye..."

"Nimemsikia. Na amesema wa bluu. Kwa nini amesema wa bluu?"

Kinyonga aliikunja mikono mapajani. "Kwa sababu ni wa bluu."

"Wewe pia unamwona hivyo?"

"Naam."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu uliposema hapo."

Kisha, kwa kuwa hakukuwa na namna nyingine, akamweleza. Ndani ya jicho mna kioo chake. Mtu akizeeka, au akiwa ameuchezea moto mkali miaka mingi, kile kioo huchafuka, hugeuka manjano pole pole, na mwenyewe hajui kwa sababu dunia nzima inageuka pamoja naye. Mwalimu aliyemfundisha kazi hii aliacha kazi kwa sababu hiyo hiyo. Filamu zake zilianza kutoka za bluu, na yeye anaapa ziko sawa. "Ni mtoto wa jicho, Baba Mkubwa. Si monita."

"Kwa hiyo mimi ndiye mbovu."

"Sijasema hivyo."

"Hicho kichura chenu kimenunuliwa na nani? Na huyo bwana wa simu. Na kiwanda ndicho kilicholeta kanda. Wote hao wakisema mke wangu alikuwa manjano, basi alikuwa manjano, na mimi niliyelala naye kitanda kimoja sijui kitu." Alikuwa tayari anavua koti. "Umekuwa wao, mwanangu. Sikulaumu. Wanalisha vizuri."

Akatoka. Barabarani jua lilikuwa kali, na kila kitu, kuta, vumbi, mashati ya watu, kilikuwa na ule ukahawia wa siku zote, ambao alikuwa ameshauchukua kuwa ni uchakavu wa dunia yenyewe. Serikali haipaki majengo rangi, alikuwa akisema. Wenye viwanda wanatia rangi hafifu kwenye nguo. Kila kitu siku hizi ni hafifu.

Siku zile zilizofuata alikuwa na hasira ya kumtosha yeye na mtaa. Lakini hasira ilikuwa na kitu ndani yake kilichomsumbua, na alijua namna ya kukimaliza. Chini ya kitanda, sandukuni, kilikuwamo kilemba chenyewe. Alikifunga kwenye mfuko wa nailoni wiki ile ya mazishi, akafunga fundo, na hajakifungua tangu hapo, kwa sababu kilikuwa na harufu ya nywele zake na alijua harufu ikitoka hairudi. Ushahidi alikuwa nao basi. Monita ya wakubwa iseme, na kilemba kiseme.

Alirudi studio na mfuko umebanwa kwapani. Safari hii mlinzi alimpisha bila swali.

"Washa kile kichura chako," alimwambia Kinyonga hata kabla ya salamu. "Pima mbele yangu. Kisha nitakuonyesha."

Kinyonga hakubisha. Alimvisha koti, akaipasha monita joto, akaipima, rangi zikapita moja moja. Akaleta picha ya Mama Mkubwa, akaisimamisha pale anaposhika kilemba. Pembeni ya meza kulikuwa na taa nyeupe maalumu, ya kutazamia vitu halisi. Akaiwasha.

"Weka hapa, Baba Mkubwa. Chini ya hii taa."

Fundo lilikuwa gumu. Kinyonga alitaka kusaidia, akakatazwa kwa jicho. Lilipofunguka, Cheche aliinamisha uso kwenye mfuko akavuta pumzi, mara moja, akaizuia. Harufu iliyobaki ilikuwa kidogo sana. Ilikuwamo, na pale pale ikawa haimo. Ndipo akakitoa kilemba, akakitandaza chini ya taa kwa viganja vyake vyenye makovu ya moto.

Akakitazama kilemba. Akaitazama skrini. Akakitazama tena kilemba.

Vyote viwili vilikuwa vya kahawia. Ukahawia mmoja, ule ule, utadhani kilemba kilikuwa kimekatwa kutoka kwenye kioo.

Alikaa chini.

"Vinafanana," alisema.

"Vinafanana, Baba Mkubwa."

"Wewe unaonaje?"

"Zambarau. Vyote viwili. Zambarau ya kukutoa machozi."

Cheche alitikisa kichwa polepole. Hakukasirika; hasira ilikuwa imemponyoka mahali fulani, na bila hiyo alionekana mdogo ndani ya lile koti. "Ngao ya uso ilikuwa moja," alisema. "Mafundi wote, ngao moja. Na msimamizi aliifungia ofisini isiibiwe. Sisi tukachomelea kwa kufumba jicho moja, tukibadilishana. Leo la kushoto, kesho la kulia. Tulijiona wajanja." Akakikunja kilemba. "Walinichukulia yeye, kumbe walishaanza na haya macho."

Kinyonga alisogeza kiti. "Naweza kukutolea nakala iliyopangwa kwa macho yako. Ile ya juzi, ya hapo. Utaitazama nyumbani, utamwona vizuri."

"Na mtu mwingine akiingia?"

"Atamwona wa bluu."

"Yaani nimtazame mke wangu peke yangu, nimefunga mlango, kama mtu anayetazama uchafu."

"Halafu haitadumu," Kinyonga alisema, kwa sababu alikuwa hajui kudanganya kwenye mambo ya rangi. "Ugonjwa unakua. Mwakani nitaongeza bluu. Mwaka mwingine tena. Itafika mahali bluu imekwisha, sina ya kuongeza."

"Dawa yake?"

"Unajua dawa yake."

Alijua. Wanakitoa kile kioo kichafu, wanaweka kingine. Na wanakitolea katika hospitali ile ile alikofia mkewe. Cheche alikuwa ameapa hatakanyaga pale mpaka apelekwe akiwa hana la kusema. Mkewe alilazwa pale kwa kifua, kile kifua alichokipata kwenye mvuke wa dawa za kutia rangi, bila hata kitambaa cha puani cha kiwanda, na kila Cheche alipouliza ni lini ataonwa, aliambiwa daktari mkubwa yuko mkutanoni. Asubuhi yuko mkutanoni. Mchana yuko mkutanoni. Alipotoka mkutanoni, hapakuwa na wa kumwona.

"Siendi pale," alisema.

"Sawa, Baba Mkubwa."

"Hata kwa dawa."

"Nimekusikia. Kanda zinarudi kiwandani mwisho wa mwezi ujao, basi."

"Kwa nini unaniambia?"

"Nakuambia tu."

Alikwenda. Alikwenda akitukana njia nzima, kwa sauti ya chini, bila kurudia tusi, na watu waliopishana naye walidhani anasali. Jengo lilikuwa lile lile. Upande wa macho ulikuwa na mlango wake, lakini sabuni waliyopigia deki ilikuwa ile ile. Akakaa kwenye benchi na wazee wenzake. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, akapita na kutangaza: "Mtusubiri kidogo, wazee wangu. Daktari mkubwa yuko mkutanoni."

Cheche akasimama. Benchi zima likamtazama.

"Mama," alisema, "huo mkutano haujaisha tu tangu mke wangu afe?"

Muuguzi alisimama, akamtazama vizuri. Hakuuliza mke yupi, maana waliofia pale walikuwa wengi. "Haujaisha, baba," alisema taratibu. "Sisi wenyewe tunausubiri. Kaa, tafadhali. Ukiondoka, nani atakaa kwenye nafasi yako?"

Mlango wa kutokea ulikuwa karibu, umefunguliwa wazi, na nje mtu alikuwa anaita abiria. Cheche aliutazama kwa muda. Kisha akakaa, si kwa sababu amewasamehe. Alikaa kwa sababu mkewe alikuwa bado anapita mlangoni na kapu, na yeye alikuwa hajamwona.

Walimtengeneza jicho moja kwanza, la kulia. Kinyonga ndiye aliyempokea na kukaa naye wakati limefungwa, na alipofunguliwa, kitu cha kwanza alichosema Cheche ni kwamba koti la daktari ni jeupe kupita kiasi, nani amelipia. Kinyonga akajua anapona.

Filamu ya kiwanda ilikuwa imekwisha. Ndani yake mgeni rasmi aling'aa kama bibi harusi, na watu wa nyuma walikuwa gizani kama walivyoagizwa. Lakini kanda zenyewe zilikuwa bado studio, na Kinyonga alikuwa amefunga mlango kwa ufunguo ili bwana wa simu asiingie. Alikuwa ameshaipima monita kabla mzee hajafika.

"Funika jicho la kushoto, Baba Mkubwa."

Cheche alilifunika kwa kiganja.

Bwana mnene akanyoosha kidole. Meneja akakubali. Na mlangoni akatokea yeye.

Kilemba kilikuwa zambarau, lakini haikuwa ile zambarau ya siku aliyosema "Hapo", ile aliyoiapia. Ilikuwa na wekundu ndani yake aliokuwa ameusahau kabisa. Uso ulikuwa mweusi, umemeremeta jasho kwenye paji, na alipocheka ndani ya midomo palionekana rangi ya waridi. Alikuwa kijana sana. Hilo hakulitegemea. Angeweza kuwa binti yake. Na kapu alilolishika...

"Simamisha."

Kinyonga akasimamisha.

"Mikono," Cheche alisema.

Mikono ya mkewe, kuanzia ncha za vidole mpaka kwenye viwiko, ilikuwa ya bluu. Kwa jicho lake bovu ilikuwa kama kivuli tu, na siku ile walipompaka bluu mwili mzima ilizama humo humo.

"Hiyo niliiona," Kinyonga alisema. "Ni kasoro ya kanda, Baba Mkubwa, rangi imevuja. Kwenye filamu nilikwisha kuisahihisha, nikaipa rangi ya ngozi. Hii hapa ndiyo kanda yenyewe, sijaigusa."

"Si kasoro." Alikuwa anaongea taratibu sana. "Ni dawa ya nyuzi. Wewe ulimjua ameshahamishiwa ghalani. Ilikuwa haitoki. Alikuwa akiisugua kwa mchanga mpaka anatoka damu, na haitoki. Shuka zetu zilikuwa na vidole vyake. Kikombe changu, mpini wa mlango, kola ya shati. Nikienda kazini wenzangu wananicheka, wanasema Cheche, leo umeshikwa hapa na hapa." Akajigusa shingoni, nyuma, pale walipokuwa wakimwonyesha. "Na mimi nimesahau. Mtu anasahauje mikono, Kinyonga?"

Kinyonga alisogeza mkono wake kwenye vifaa vyake, tayari kufungua ile filamu airudishe bluu mikononi, halafu akakumbuka kwamba filamu imeshakwenda, na kwamba hata angeirudisha, mikono yenyewe iko gizani.

"Nitakupa nakala ya hii," alisema. "Kama ilivyo."

"Nipe. Lakini kwanza irudie."

Akairudia. Mke akatokea, akageuka, akacheka, akashika kilemba kwa ule mkono wa bluu, akapotelea nyuma ya mgongo wa mgeni rasmi.

"Huwezi kuisogeza mbele kidogo? Atokee upande wa pili?"

"Hatokei, Baba Mkubwa. Mpiga picha alimfuata yule mgeni. Mimi ninachoweza ni rangi tu."

"Irudie basi."

Kinyonga akairudia, na tena, na tena, na hakuhesabu. Cheche alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, kiganja kimefunika jicho la kushoto, shati lake la chungwa likichungulia kwenye kola ya koti. Kila mkewe alipofika pale pa kupotelea, mzee aliinamisha kichwa upande, shingo imenyooka, kama mtu aliyekaliwa mbele na mrefu akijaribu kuona.

"Sogea bwana," alimwambia mgeni rasmi. "Sogea kidogo."